Mashati Elfu Nne ya Overloki

AFISA: Haloo? Dawati la uwekezaji hapa. Naongea na nani?

FUNDI: Na yule yule. Umenikatia simu nikiwa katikati ya sentensi, nimerudi kuimalizia.

AFISA: Dada, sijakukatia. Ni mtandao wa huku—

FUNDI: Mtandao wenu una adabu sana. Unakatika kila nikiuliza swali moja. Nauliza tena. Haya mashati elfu nne yaliyojaa karakanani kwangu yameshonwa na nani?

AFISA: Shikamoo kwanza.

FUNDI: Marahaba. Jibu.

AFISA: Hebu punguza sauti. Uko wapi?

FUNDI: Nimesimama juu ya boksi la mwekezaji, maana chini hapakanyagiki. Lori limeshusha tangu asubuhi. Vyerehani vyangu vimefunikwa mpaka juu, nikitaka kufika dirishani napita ubavu kama kaa. Haya, nakusikiliza.

AFISA: Si nilikueleza juzi pale kwako? Mwekezaji analeta bidhaa ambayo haijakamilika—

FUNDI: —halafu sisi tunaikamilisha. Ulieleza vizuri sana, umevaa na tai. Ukasema nchi imefungua milango, kuna soko la watu milioni mia tatu wanatusubiri sisi tu, hawalali. Mama mkwe wangu akakupigia makofi. Ukasema vitambaa vitakuja vimekatwa, mikono mbali, vifua mbali, wanawake wangu waunganishe. Miezi sita ya kazi.

AFISA: Na ndivyo ilivyo.

FUNDI: Nimefungua boksi, mdogo wangu. Shati lina mikono, na mikono imeshikana na kifua. Kola imepigwa pasi. Lina vifungo sita. Kinakosekana kimoja, cha shingoni.

AFISA: Sasa hapo ndipo... Kitaalamu tunaita kuongeza thamani.

FUNDI: Kifungo kimoja.

AFISA: Dada, wewe ni fundi. Shati bila kifungo cha shingoni halijakamilika.

FUNDI: Marehemu baba alivaa la namna hiyo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemwambia aongezwe thamani.

AFISA: Usinizingue bwana, niko kazini—

FUNDI: Na mimi niko kazini. Sikiliza. Kila boksi lina mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko kuna vifungo, vimehesabiwa. Kuna uzi. Kuna sindano. Mpaka sindano, wewe. Sasa cha kwetu ni kipi hapo?

AFISA: Nguvu kazi.

FUNDI: Cha kwetu ni mate ya kulowesha ncha ya uzi. Ndiyo viwanda mlivyotuahidi kwenye mabango.

AFISA: Unachekesha, lakini hujui haya mambo yanavyokwenda. Biashara ya dunia ya leo ni mnyororo. Huyu analima pamba, huyu anafuma, huyu anashona—

FUNDI: Na huyu anatia saini. Nimeshaujua mnyororo. Mkataba wenu na hao wenye soko la milioni mia tatu unasema shati likishonwa hapa, linaingia kwao bila kulipa ushuru. Likishonwa kwingine, linalipa. Ndiyo au siyo?

AFISA: Kwa kifupi, ndiyo, lakini—

FUNDI: Na haya yameshonwa kwingine. Yamepita hapa kunywa maji, kisha yanapanda meli yakiwa na cheti kwamba wazazi wao ni sisi. Cheti cha asili ya bidhaa, kimeandikwa hapa juu kwa wino wa bluu. Pa kutia saini pameachwa kwa fundi mkuu wa karakana. Ambaye ni nani?

[Mtandao unakwaruza.]

AFISA: ...kusikii vizuri...

FUNDI: Nimesema, ambaye ni nani?

AFISA: Ni wewe, dada. Lakini ile ni karatasi tu. Kila mtu anasaini. Nchi jirani wanasaini mpaka mkono unachoka, ndiyo maana wao wana barabara na sisi tuna mashimo. Tia saini, gonga mhuri, mpe dereva. Meli inapakia keshokutwa jioni. Mkurugenzi ameshapeleka taarifa kwa wakubwa kwamba hii ndiyo shehena ya kwanza chini ya mkataba. Unajua maana ya shehena ya kwanza? Watapiga picha.

FUNDI: Wapige. Ila kabla ya picha nikuambie kitu. Unakumbuka mwezi wa tatu ulikuja kuchukua shati la mfano?

AFISA: Nakumbuka. Nilikwambia wajumbe wa mazungumzo ya mkataba wanataka kuona ubora wetu.

FUNDI: Waliuona. Unajua hapa kwangu nguo haisemwi mpaka igeuzwe ndani nje. Nimeligeuza la kwanza. Nikakuta lebo ya karakana yangu, imeshonwa huko huko. Nikasema sawa, shati limezaliwa ugenini na limekuja na cheti chake cha kuzaliwa mfukoni, watu wamejipanga. Halafu nikalishika pindo. Unajua nimekuta nini?

AFISA: Dada, nina mgeni hapa—

FUNDI: Fundo la kijani.

AFISA: Fundo gani?

FUNDI: Umekulia chini ya meza yangu ya kukatia na hujui fundo? Kila mwanamke hapa ana rangi yake. Akimaliza pindo anafunga fundo dogo kwa ndani, la rangi yake, ili nguo ikirudi imefumuka tujue nani wa kuishona tena. Ni mambo yetu sisi humu ndani, mteja hayajui. Nyekundu ni yule mrefu. Njano ni shangazi. Kijani ni Overloki, yule mwanamke tuliyempa jina la mashine.

AFISA: Sawa, na?

FUNDI: Shati ulilochukua lilikuwa la Overloki. Hao rafiki zako wamelinakili kama walivyolikuta. Nimegeuza boksi la pili, la tisa, la ishirini. Mashati elfu nne, yote yana fundo la kijani. Uko?

AFISA: Niko.

FUNDI: Kwa hiyo kwa mujibu wa ushahidi uliomo kwenye pindo, haya yote kashona Overloki. Peke yake. Overloki akiwa mzima anatoa mashati manane kwa siku, tena siku ambayo hana habari ya kusimulia. Ili amalize haya ilibidi aanze mwaka juzi, kabla mkataba wenu haujasainiwa.

AFISA: Ni uzi tu. Nani atageuza pindo—

FUNDI: Na Overloki hayupo. Yuko uzazini, mtoto ana wiki tano. Amejifungua kwa upasuaji, hata kukohoa anashika tumbo. Lakini kwa mwekezaji anafanya kazi usiku na mchana, hongera zake.

AFISA: Basi fumueni hayo mafundo. Wanawake kumi wanakatakata, saa tatu mmemaliza. Mimi nitawaongezea posho.

FUNDI: Nawe una posho ya kuongezea watu? Tangu lini?

AFISA: ...tandao unasumbua...

FUNDI: Unaona adabu yake? Haya, tuendelee. Nimesoma karatasi zote tatu, mbele na nyuma. Diploma yangu haikwenda bure. Ile ya tatu ina maandishi madogo kama mayai ya chawa. Inasema maelezo yakigundulika ni ya uongo, atakayeshtakiwa ni aliyetia saini. Nikasema labda tuko wengi. Nikatafuta jina la mwekezaji, halipo, kuna sanduku la posta. Nikatafuta la mkurugenzi wako. Nikatafuta lako. Nimelitafuta lako kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa chekechea.

AFISA: Mimi ni mtumishi wa umma. Siwezi kuweka jina langu kwenye nyaraka za kibiashara, ni mgongano wa—

FUNDI: Sawa kabisa. Mkataba ni wa nchi mbili, kesi ni ya dada mtu.

AFISA: Unanionea. Mimi ndiye niliyekutetea. Kwenye kikao walitaka kumpa yule mwenye ghala la ndugu yake mkurugenzi, nikasema hapana, kuna karakana ya wanawake, wanajituma. Na tuseme ukweli, dada. Shule zimeanza kununua sare za kwenye makontena. Una vyerehani kumi na viwili na huna oda hata moja. Nani alinipigia simu mwezi uliopita akilia?

FUNDI: Mimi.

AFISA: Sasa—

FUNDI: Nililia, na sijaona aibu. Ndiyo maana ulipokuja na tai yako nilikaa nikakusikiliza mpaka mwisho, na mimi huwa simsikilizi mtu mpaka mwisho. Nimewaambia wanawake kumi na mmoja kazi imepatikana. Ukimtoa Overloki, leo wamekuja saa kumi na mbili asubuhi, wamepaka mashine mafuta. Wamekaa hapa juu ya maboksi wananiangalia mdomo. Unadhani ni raha?

AFISA: Basi wape kazi. Kazi si hiyo hapo?

FUNDI: Kazi ya siku mbili. Vifungo elfu nne kwa mikono ishirini ni siku mbili, mdogo wangu. Ile miezi sita uliihesabu kwa kalenda gani?

AFISA: Shehena zitaendelea kuja.

FUNDI: Zikiwa na fundo la nani? Hebu nikuulize kitu kimoja cha maana. Walete majora ya kitambaa. Mimi nikate, wanawake washone, kuanzia begani mpaka kwenye pindo. Nitatia saini leo, kesho na mtondogoo, nitatia na ya mguu. Uliwauliza hilo?

AFISA: Niliwauliza.

FUNDI: Wakasema?

AFISA: Walisema muda hautoshi. Na gharama. Na kwamba wafanyakazi wetu hawajafikia... viwango.

FUNDI: Viwango. Mpaka mafundo yetu wameyaiga, ila viwango hatujafikia. Na wewe ukajibu nini?

[Mtandao unakwaruza. Mlango unafungwa.]

AFISA: Dada, nimetoka nje, sasa naongea kama ndugu. Nisikilize. Kuna mafunzo. Miezi tisa, nje, kila kitu kimelipiwa, na nikirudi nakalia kiti cha naibu. Jina langu limeshapita. Limeshapita, unanielewa? Kilichobaki ni shehena hii iende salama. Ukinikwamisha leo, sina kingine. Miaka kumi na moja nabeba mafaili ya watu.

FUNDI: Na mafunzo yanalipiwa na nani?

AFISA: Na wadau.

FUNDI: Wadau wenye sanduku la posta.

AFISA: Ulinilea wewe. Ulisema nisome nifike mbali.

FUNDI: Nilisema. Nilidhani utakwenda kwa miguu yako, sikujua utapanda mgongoni kwa mzazi mwenye mshono wa wiki tano. Maana wakija kuuliza, wa kwanza kuitwa ni mwenye fundo. Mimi nitajieleza, mdomo ninao. Overloki atasema nini, na mtoto ananyonya?

AFISA: Hakuna atakayekuja kuuliza. Forodha hawakagui karakana ndogo kama hiyo.

FUNDI: Aliyekwambia ni nani?

AFISA: Kwa nini?

FUNDI: Kwa sababu mkaguzi wa forodha yuko hapa. Amekaa kwenye benchi la wateja tangu saa nne. Mama mtu mzima, ana miwani ya kamba. Anasema ni shehena ya kwanza, ametumwa aione kwa macho yake.

AFISA: Dada. Dada, unaongea haya yote mbele yake?

FUNDI: Niko chumba cha kupigia pasi na wanawake wangu, mlango nimeurudishia. Alichosikia sikijui. Hajauliza kitu. Anasubiri fomu tu.

AFISA: Basi sikiliza, tulia. Usiandike chochote. Nakuja, dakika arobaini. Mpe soda. Mwambie mhuri umepotea.

FUNDI: Mhuri ninao mkononi.

AFISA: Dada, tafadhali. Hutaki kutia saini, usitie. Nitamtafuta mwingine. Yule wa ghala. Tunahamisha maboksi leo leo, hujaona kitu, sijakwambia kitu—

FUNDI: Yenye lebo yangu ndani? Hilo umelifikiria sasa hivi. Subiri, usikate. [Pembeni.] Shangazi, nipe hiyo kalamu. Hapana, ya wino. [Kwenye simu.] Kipengele cha saba. "Eleza kazi zilizofanyika hapa nchini." Wameacha mistari sita, wakarimu hawa. Naandika.

AFISA: Unaandika nini?

FUNDI: "Hakuna. Mashati yamefika yameshonwa, isipokuwa kifungo kimoja cha shingoni, nacho hakijashonwa." Nimebakiwa na mistari minne. Naongeza: "Lebo na fundo la kijani si vya karakana hii. Vimeigwa."

AFISA: Utaniua.

FUNDI: Hufi. Utabeba mafaili mwaka wa kumi na mbili, na mimi nitazunguka shule kwa shule na sampuli begani. Sote tutakuwa hai. Saini. Tarehe.

[Mhuri unagongwa mara moja.]

AFISA: Dada, bado hujampa. Hujampa, sivyo? Ichane. Hebu ichane, mimi—

FUNDI: [Mlango unafunguliwa. Pembeni.] Samahani kwa kukuweka, mama. Hii hapa. Anza na kipengele cha saba.

AFISA: Dada?

FUNDI: Anasoma.

AFISA: Anasemaje?

FUNDI: Amevua miwani. Ameifuta. Anasoma tena. Sasa ameingia kati ya maboksi, anageuza pindo. Anamwambia dereva asiwashe gari.

AFISA: Mungu wangu.

FUNDI: Anauliza haya maboksi yameletwa karakanani kwangu na nani.

AFISA: Usimwambie. Dada, mwambie ni—

FUNDI: Mimi sisemi kwa niaba ya mtu. Jina lako si ulilitunza vizuri lisionekane popote? Utamtajia mwenyewe. Nampa simu.

AFISA: Haloo? Haloo? Husikiki... Dada, vocha yangu inaisha—

FUNDI: Nimepiga mimi, mdogo wangu, na nina dakika mia mbili. Kaa hapo hapo. Karibu, mama, ongea naye.