Walisema Anatembea Vizuri

Wasikilizaji wapendwa, leo nimeingia studio nimekasirika, na sitawaficha. Tunamkumbuka mama aliyepeleka chakula wodini kwa miaka ishirini na sita. Wagonjwa walimwita Mama Toroli. Alifariki Jumatatu iliyopita, kwa kutokwa damu tumboni. Tumbo lilitobolewa na vidonge. Na vidonge alivifuata kwa sababu ya nyonga.

Nyonga yake ya kulia ilikuwa imesagika, mfupa unakwaruza mfupa. Alisukuma toroli la uji, lakini ukweli ni kwamba toroli ndilo lilimshikilia yeye. Na mdomo wake je! Akifika kitandani: "Haya bwana mkubwa, amka! Mimi wa mguu mmoja nimeshafika, wewe wa miwili bado umelala!" Wodi nzima kicheko.

Jikoni kwao walikuwa na mazoea. Kabla ya zamu, mwenye maumivu anameza kidonge cha kutuliza uvimbe, anashushia na chai ya rangi. Wenyewe waliita kutia bawaba mafuta. Alianza na kimoja. Akafika vitatu kwa siku.

Sasa nisikilizeni. Aliomba apasuliwe, awekewe nyonga ya bandia. Kliniki ya mifupa iko jengo hilo hilo, kwa hiyo alikwenda katikati ya zamu, na aproni yake, dawa ameshameza. Akaambiwa atembee hadi mlangoni, arudi. Akatembea. Akarudi. Daktari akaandika: "Anatembea vizuri. Aje baada ya mwaka."

Mwaka mzima! Akaenda tena, ikawa vile vile. Mara mbili, wasikilizaji. Mara mbili alipimwa dawa ikiwa mwilini, na hakuna aliyemuuliza leo umemeza nini. Dawa haikuponya chochote. Ilizima maumivu tu. Maumivu yakizimwa, mtu anaukanyagia mguu kwa uzito wote, anaongeza mwendo, na nyonga mbovu inazidi kubeba mzigo.

Binti yake ni mshona nguo. Aliniambia, "Nilimsihi, mama, siku ya kliniki usimeze, wakuone unavyochechemea. Akanijibu, 'Nisipomeza toroli litasukumwa na nani? Wagonjwa wakae na njaa?'" Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Jioni alikuwa anatambaa kwenda bafuni. Wao jioni hawakuwahi kumwona."

Pole sana, binti. Pole, mzee wetu, mume wake, uliyekuwa ukimvua viatu kila akirudi kazini. Poleni wenzake wa jikoni. Ninyi mlioandika ile karatasi, kwenu sina pole. Nina hasira, na nataka ziwafikie.

Na wewe unayenisikiliza, ukiona mzazi wako aliyekuwa akichechemea ameamka anatembea kama kijana, muulize amemeza nini. Ukienda naye kwa daktari, liseme hilo kabla hajaketi. Atanuna, mwache anune.

Mimi ni jirani yake. Mwezi uliopita nilimwona anapanda ngazi zetu bila kushika ukuta. Sikuuliza kitu. Nilisimama pale mlangoni kwangu, wasikilizaji, nikampigia makofi.