Mguu wa Bravin Uliruka

Kijiwe cha kahawa cha Noordin kule Masara ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, karibu na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa hivyo watu hapo hupiga kelele hata wakisengenya. Mchana huo hakuna aliyeongea dhahabu. Kesi ilikuwa mguu wa Bravin. Bravin ana kifafa, na shimo lao la dhahabu lina sheria moja kwa mtu kama yeye: miezi sita bila kuanguka, ndio unafungwa kamba unashuka. Alikuwa amebakisha siku nne. Sasa Lynnet, bibi yake, amesema kisimani kwamba jana mzee wake akishikwa tu na usingizi aliruka, akampiga teke.

— Anza kuhesabu upya, alisema Nashon, huyo wanamwita Winchi kwa sababu yeye ndiye huzungusha winchi ya kamba inayoshusha watu shimoni. Kuruka ni kuruka.

— Omera, ndugu yangu, sikuanguka, Bravin alijitetea. Nilikuwa nimelala tayari. Nianguke niende wapi?

Cliff akakohoa. Yeye wanamwita Daktari, kwa sababu alifagia duka la dawa wiki mbili.

— Hiyo ni dawa anameza. Inashuka kwa miguu. Ikifika nyayo inakosa pa kutokea, inagonga.

— Na mbona haigongi mikono? Winchi aliuliza.

— Mikono iko juu, msee. Umeona dawa ikipanda?

Noordin alimimina kahawa akitikisa kichwa.

— Si dawa. Mwili umezoea shimo. Ukianza kulala unadhani unashuka, unatafuta kamba.

— Hajashuka miezi karibu sita, Noordin, Winchi alisema.

— Ndio maana mwili unaitafuta.

Bravin aliangalia miguu yake. Vidonge hajaruka hata siku moja. Akianguka kifafa chenyewe hajui kitu, huamka ulimi umeumwa na watu wamemzunguka. Jana alijua. Aliona kama amekanyaga ngazi ambayo haiko, akashtuka, akasikia Lynnet akimtukana. Ulimi ulikuwa sawa. Lakini hiyo inamaanisha nini? Alianza kusikia nyayo zikimwasha.

— Tumpime, Winchi aliamua. Lala hapo tuone.

— Nitalalaje mkinikodolea macho?

— Lala tu kama hatuko.

Alijinyoosha kwenye ubao, kofia usoni. Wengine walichuchumaa. Mashine ilikuwa imezimwa wabadilishe mkanda, jua limewaka, na Winchi alikuwa kwa winchi tangu alfajiri. Aliegemea nguzo. Kichwa kikalegea. Mara mguu wake ukaruka, ukapiga birika, kahawa yote mchangani.

— Nani amenisukuma?

Bravin alitoa kofia.

— Umeruka, Winchi.

— Nilikuwa nafikiria.

— Unafikiria na mguu?

— Ni dawa gani unameza, bro? Daktari aliuliza.

— Mimi sijawahi kumeza hata ya minyoo.

Halafu Daktari, polepole:

— Hata mimi huruka hivyo. Nilidhani ni kitanda.

— Mimi nilidhani ni uzee, alisema Noordin.

Bravin aliketi. Roho ilipanda, ikarudi chini. Kama kila mtu huruka, basi yake ni kama yao. Ama ni kifafa kimejificha ndani ya ile ya kawaida? Atajuaje ni gani?

— Alhamisi nina kliniki, alisema. Nitawauliza.

— Na sisi tuulize wapi? Daktari alisema.

Hapo ndipo Nyamoita alifika, yule mama huwapikia wachimbaji chakula cha kushuka nacho. Hakujua kesi. Aliangalia birika chini, akaangalia nyuso.

— Kesho nipikie wangapi? Nani anashuka, na nani yuko kwa winchi?

Daktari aliangalia Winchi. Winchi aliangalia mguu wake.

Bravin akasogea kwenye ubao, akamwachia Winchi nafasi.

— Keti hapa, omera. Kuruka ni kuruka. Huku juu bila kazi tunazoeanga.