Nguzo yenye Alama Nyekundu

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mmoja alikuwa amembana bwana wa halmashauri anayeshughulikia mafuriko. "Maji yamenichukulia vyerehani viwili, kaka yangu, na hamkutuonya." Bwana akajibu taratibu, "Dada, tuliweka nguzo mtoni. Maji yakifika alama nyekundu, mlinzi anapiga king'ora. Siku ile mlinzi alikwenda, nguzo hakuikuta. Mmeing'oa wenyewe."

"Nani ang'oe nguzo ya serikali? Aipeleke wapi, akaioe?"

Abiria wakacheka. Mimi nikajifunika mtandio vizuri, maana nguzo hiyo naijua. Tangu kiangazi, mto ulipokuwa hautoshi hata bata kuoga, inashikilia kamba yangu ya kuanikia nguo, na ile alama nyekundu nimeigeuzia ukutani.

"Mkishindwa kazi, mwizi ni mwananchi," fundi akasema. "Na mkiharibu, mkosaji ni halmashauri," bwana akamrudishia.

Fundi akanigeukia. "Bibi, wewe mtu mzima. Mwambie huyu, watu wa mtoni ni wezi wa nguzo sisi?"

Basi likasimama. Nikasema, "Nipisheni nishuke, wanangu." Kwangu kulikuwa bado vituo viwili.