Mama Faili na Swali Lake la Kila Asubuhi

Mama yetu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Faili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi mwaka 1969 hadi 1975, kisha akachukua kozi ya ukarani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata majirani walimletea barua za posa awaandikie.

Mwaka 1984 aliajiriwa kama karani wa chumba cha mafaili hospitalini. Kila mgonjwa aliyerudi kuchukua dawa, Mama alimwuliza, "Tangu uianze, mwili unasemaje?" Jibu akaliandika kwenye faili la mgonjwa. Nyumbani nasi alituuliza hivyohivyo kabla ya chai.

Mwaka 2003 aliona watoto tisa, wote wamepewa dawa moja ya kifua, wote wamerudi na midomo iliyovimba. Akayakumbatia mafaili tisa hadi kwa daktari.

"Mama Faili, tangu lini karani akawa daktari?"

"Sijawa, daktari. Ila wewe unawaona mmoja mmoja. Mimi nawaona wote kwenye rafu moja."

Daktari akatoa fomu ya madhara ya dawa, wakaijaza pamoja na kuipeleka wizarani. Baada ya wiki sita jibu likaja: dawa ile wasipewe watoto. Mtoto wa kumi hakuja.

Aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa tarehe 6 Disemba 1986. Baba husema siku ya kuposa aliulizwa maswali mengi kuliko mgonjwa.

Alistaafu 2021. Agosti mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Vidonge vipya alivyoanza Jumatatu moja vikamtia kizunguzungu, mkono ukatetemeka, akanikabidhi mimi, kitindamimba wake, kalamu na daftari la majibu yake ya kila asubuhi.

"Andika, mwanangu. Usiseme ni uzee. Uzee haukuanza Jumatatu."

Daktari wake alipoyasoma majibu hayo alipunguza dozi, kizunguzungu kikaisha. Lakini moyo ulikuwa umechoka. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, nikiwa na kalamu mkononi nangoja jibu lake la siku hiyo. Nilimwuliza mara mbili.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu saba na daftari lenye mstari mmoja mtupu.

Siku hizi nikimaliza kumnyonyesha mwanangu asubuhi, natega sikio mlangoni. Hakuna anayeniuliza.

Mwili unasema umekukosa, Mama. Mungu akupumzishe kwa amani.