Aliyewavunja Halyards

Ndani ya basi, Edith Molyneux alikaa nyuma ya abiria wawili, amepakata mfuko wa nguo safi za kaka yake. Mvua ilikuwa ikiinyeshea Liverpool tangu asubuhi. Redio ya dereva ilipiga wimbo wa bendi ya zamani ya Halyards, na abiria hao wasiojuana wakaanza kubishana.

"Tulikuwa tukizimia kwa ajili yao," alisema mama mwenye kofia ya sufu. "Miaka mitatu tu, kwisha."

"Ronnie, mwimbaji wao, ndiye aliyewamaliza kwa ulevi," akajibu mzee aliye kando yake. "Sauti kama ile, halafu mtu anaanguka jukwaani."

"Acha hizo, bwana. Walimfukuza mpiga ngoma, rafiki yake wa utotoni. Hapo ndipo alipoanza kunywa."

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Wewe je?"

Edith alikuwepo. Ndiye aliyemvua Ronnie viatu alipokuwa hajiwezi, na ndiye aliyemsikia akilia siku mpiga ngoma alipoondolewa.

"Basi tuyaache," mzee alisema. "Mwenyewe keshakufa zamani."

"Hajafa," Edith alisema. "Ni kaka yangu. Yuko hospitali ya hapo mbele. Amepata kiharusi, hasemi tena."

Wote wawili waligeuka. Edith akangoja wamuulize hali yake.

"Kumbe," alisema yule mama. "Hebu tuambie basi, kati yetu nani anasema kweli?"

Basi lilisimama. Edith alichukua mfuko wake, akashuka mvuani. Mlango ulipokuwa ukijifunga alimsikia mzee akisema, "Umeona? Ameshindwa kukutetea."