Padri Hakuachwa na Mchumba

Basi la Ndera lilikuwa bado kituoni Nyabugogo, na tayari Kalisa, mwanamume mnene aliyeketi mbele yangu, alikuwa amemsimulia mama mmoja asiyemjua, aliyeketi kando yake, dhambi yake nzima. Miaka kumi na miwili iliyopita alimwambia mchumba wa dada yake kwamba dada ana mtoto wa siri. Ulikuwa uongo. Uchumba ukavunjika.

"Nimeungama mara tatu, mama. Padri ameniondolea dhambi."

"Kama ya kwanza ilitosha, ya tatu ya nini?" mama akauliza. "Na padri ndiye aliyeachwa? Dada yako anajua?"

"Anadhani kijana alimchoka tu."

"Ayiwee!" Mama akajipiga paja. "Yaani wewe unalala umetakata, yeye miaka yote anajiuliza ana kasoro gani!"

Abiria tuliokuwa karibu tulikuwa tumeacha simu zetu.

"Leo ndiyo naenda kwake," Kalisa akasema.

"Kumwambia?"

"Kumsalimia."

Mama akampa kisogo mpaka basi liliposimama Ndera. Kalisa hakuinuka. Alisema atashuka kituo kinachofuata.

"Hiki ndicho cha mwisho," mama akamwambia, akakunja miguu ili Kalisa apite.