Sufuria ya Mwisho ya Karani wa Pamba

Sogeeni, wanangu, sogeeni mnisikie, maana pumzi niliyobakiza ni ya kuazima na mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Felisian, wewe ndiye mkubwa, kalia kigoda changu. Robi, acha kulia, mwanangu, machozi yatakuwa na kazi kesho. Na hiyo sufuria mnayoikwepa kwa macho hapo mlangoni, juu ya jiko la mkaa, nimeipika mimi leo asubuhi huku nimeshikilia ukuta. Habari yake nitaisema nikimaliza mengine.

Shamba la Kiabakari ni la Felisian na mdogo wake Florian, mpaka wao ni ule mfereji, wala asije mtu wa baraza kuwapimia kana kwamba hamna midomo. Nyumba hii ni ya Robi, na atakayesema binti harithi anifuate kaburini tubishane. Hakuna mtu anayenidai, isipokuwa deni la utu kwa Twalib, yule mwenye hoteli ya stendi ya Bunda. Akifika msibani mpeni kiti cha mbele, na mnyama achinje yeye, ili naye ale pamoja nanyi.

Mnajua nilikuwa karani wa pamba. Miaka ile ya foleni, sukari ikiwa hadithi na sabuni ikipatikana kwa kujuana, tulikula unga wa yanga, ule wa njano, mchana na usiku. Ndipo sista mmoja wa misheni, akirudi kwao, akaniachia kitabu cha mapishi cha Kiingereza. Nilikuwa nakisomaga jioni, nikimfasiria mama yenu: mayai sita, siagi, maziwa mazito. Boke, Mungu amrehemu, anatafuna ugali wa njano na kucheka, "Baba Felisian, hebu rudia pale kwenye siagi." Narudia. Ruksa ilipokuja, bidhaa za nje zikaruhusiwa, nikaokota vitabu vingine kwenye mitumba, naye akawa ananifutia vumbi. Akafa kabla sijampikia hata chakula kimoja cha humo. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa huu.

Wanunuzi binafsi walipoingia, ghala la pamba likafungwa, tukaambiwa asanteni, nendeni. Na mvi zangu kichwani nikaenda kwa Twalib nikamwambia nataka kupika. Hakucheka. Alisema, "Karibu, mzee, moto haumuulizi mtu umri." Wakati huo minofu ya sangara inapelekwa Ulaya, sisi tunaachiwa vichwa, nami vitabu vilishanifundisha kwamba kichwa cha samaki hakitaki fujo, kinataka moto mdogo, tangawizi, ndimu na mtu mwenye subira. Makondakta wa Nyamuswa na wa Musoma walikuwa wanaruka kabla gari halijasimama, "Karani, kimeiva?" Wallahi, kama asemavyo Twalib, nilijisikia mtu.

Kwetu je? Nabii hakubaliki kwao. Ndugu yangu Werema alisimama kwenye kikao cha mahari ya Robi akasema mwacha asili ni mtumwa, na kwamba siku tuliyotahiriwa tuliyaaga mafiga ya mama zetu, hivyo mshika upawa hagawi ng'ombe. Wakakisogeza kigoda changu nje ya duara. Mahari ya binti yangu mwenyewe, naisikiliza kama jirani! Werema nimemsamehe, mwambieni hivyo, naye alifundishwa.

Lakini wewe, Felisian. Mficha uchi hazai, acha niseme. Mura, kijana wangu, nilikuwa nakuonaga. Basi likisimama Bunda unashuka, unavuka barabara, unakula chapati kavu kwa yule mwenye hoteli mwingine, mgongo umenigeuzia. Na mimi nilikuwa nimekuwekea bakuli. Kila basi la Musoma likipiga honi naweka bakuli, halafu likiondoka nalila mwenyewe, na supu ya mtu mmoja haina utamu, mwanangu, hata uitie nini. Nimelisha stendi nzima, nikala peke yangu. Msije mkayapamba hayo kwenye hotuba.

Nizikeni kando ya Boke. Vitabu vimo kwenye sanduku la bati. Msivigawane, wala Florian asimpe mtu kurasa za kufungia karanga. Anayetaka kusoma akae hapa nyumbani kwa Robi asome.

Sasa sufuria... ni kichwa cha sangara... ngoja nipumue. Ulimi wangu umekufa tangu juzi, hata dawa chungu siisikii. Chumvi nimetia kwa kukisia, wala sina wa kunionjea. Siamuru mtu. Naomba mmoja wenu tu aonje, aniambie. Mungu awape chakula, wanangu, na awape watu wa kula nao, maana cha kwanza bila cha pili ni adhabu. Awalinde. Asiwasogeze nje ya duara.



Nani huyo... nimesikia mfuniko. Macho yana ukungu. Robi, ni wewe? Siyo?

Felisian.

Unasema? Sema kwa nguvu. Imepungua?

Hee! Imepungua, anasema. Mwenye chapati kavu zake. Sasa unaniangalia nini, mura, mimi naweza kusimama? Chumvi iko kwenye kopo, hapo nyuma ya mlango. Shika upawa... kidogo tu... koroga kwa pembeni, taratibu, kichwa kisivunjike... Ndiyo. Nasikia.

Halafu uonje tena, baba.